Majembe Mbele ya Altare

"Kitendawili!"

"Tega, Bibi."

"Mwanangu ana meno mdomo mzima, lakini tangu azaliwe hajamng'ata mtu."

Leticia hakuhitaji kufikiri. Alikuwa ameliegemea jibu lenyewe. "Hindi."

"Aa, umejibu haraka kwa sababu umelalia magunia, mke mwenzangu. Hiyo si akili, ni mgongo." Bibi Lidwina akacheka, akaendelea kubangua karanga zake.

Magunia yalikuwa yamejaa sebule nzima ya nyumba ya katekista, yamepandana hadi karibu na picha ya Moyo Mtakatifu. Viti vilihamia uani. Mgeni akija alikaribishwa chini ya kamba ya kuanikia nguo, na soksi za katekista zikimning'inia kichwani. Lakini hakuna mtu wa nyumba hiyo aliyelalamika. Bibi Lidwina mwenyewe, kila asubuhi akitoka chumbani, aliyapapasa magunia yale kama mtu anayepapasa ng'ombe wake zizini.

Hayakuwa yake. Yalikuwa ya vijana wa parokia, na Leticia, mjukuu wake, ndiye aliyekuwa mwenyekiti wao.

Yote yalianza na semina. Halmashauri ya parokia ilimwalika mtaalamu mmoja mwenye suti, akatundika shuka jeupe ukutani, akawamulikia vijana picha za watu waliofanikiwa. Akawaambia hawana maono. Akawaambia wakae, waandike maono yao, waweke mpango, waache kusubiri kubebeshwa viti kila kwenye sherehe. Watu wakapiga makofi, wakanywa soda. Wengi waliyasahau maono kabla chupa hazijakusanywa.

Leticia hakusahau. Aliwakusanya wenzake, wale waliokuwa wakishinda kwenye baraza za maduka ya Mfaranyaki, mjini Songea, wakicheza drafti, wakakaa wakapanga. Watalima mahindi kijijini Mpitimbi, kwenye shamba waliloazimwa na mzee Valence wa huko. Wakivuna hawatauza wakati kila mtu anauza. Watayaweka ndani mpaka masika, bei ikipanda, ndipo wauze wanunue mashine ya kufyatulia matofali. Kila kijana apate kazi, na parokia ikitaka kujenga, matofali yatoke kwa watoto wake yenyewe. Leticia aliusoma mpango huo mbele ya Halmashauri. Mwenyekiti wa Halmashauri, Mzee Gaspari, mwenye duka kubwa la vifaa vya ujenzi, alisimama akasema, "Haya ndiyo maono!" Akapigiwa makofi yeye.

Basi wakalima. Jumamosi baada ya Jumamosi walikwenda Mpitimbi, wengine kwa baiskeli, wengine wamebanana nyuma ya pikipiki ya Romanus, mwenzao wa bodaboda. Wakarudi jioni na viganja vimechubuka, Bibi Lidwina akiwachemshia maji ya chumvi wakandwe.

Sasa Beda aliingia uani, amevua kofia. Beda, mwana wa Bibi Lidwina na baba yake Leticia, alikuwa katekista. Mke wake alifariki Leticia akiwa bado mdogo, na tangu hapo nyumba hiyo ilikuwa ya watu hao watatu. Mungu alimjalia Beda sauti ya kujaza kanisa bila kipaza sauti, lakini nje ya kanisa sauti hiyo sijui aliiacha wapi.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba. Mbona uso umeukunja?"

"Nimetoka kwa Mwenyekiti. Jumapili hii ni ya mavuno. Anataka na vijana waonekane. Magunia yaingie kwa maandamano, Padre ayabariki."

Leticia akasimama. "Yote?"

"Anasema yote. Watu waone kazi ya vijana."

"Baba, si tupeleke moja tu? Tulitoe kabisa, liwe sadaka yetu. Mengine yabaki hapa hapa."

"Amesema yote, mwanangu. Kubariki ni kubariki. Mwezi wa kumi na moja si tunapeleka mbegu zinabarikiwa, tunarudi nazo nyumbani?"

Ni kweli. Kila mwaka kabla ya mvua watu walibeba mbegu kwenye vikapu, Padre akanyunyiza maji ya baraka, kila mtu akaondoka na kikapu chake kwenda kupanda. Hakuna aliyewahi kurudi mikono mitupu. Leticia akamtazama bibi yake.

Bibi Lidwina akapuliza maganda ya karanga. "Yapeleke, mke mwenzangu. Fukusi wa siku hizi hawaogopi hata dawa. Yakinyunyiziwa maji ya baraka, yatakaa mpaka hiyo masika yenu."

Leticia akakubali. Moyo wake haukutaka, lakini ungewabishia bibi, baba na mwenyekiti kwa siku moja?

*

Jumapili hiyo kanisa lilinuka maboga na majogoo. Akina mama walitangulia kwa mwendo wa ngoma ya kioda, wamejitwisha vikapu vya ulezi na maharage. Nyuma yao vijana, wawili wawili, kila wawili na gunia lao, jasho likiwatiririka kwenye fulana zao za njano. Romanus na Leticia walibeba la mwisho. Bibi Lidwina, kwenye benchi la mbele la akina mama, alishindwa kujizuia. Alipiga vigelegele mpaka leso ikamdondoka.

Padre Leonce, padre kijana aliyekuja parokiani mwaka huo huo, alinyunyiza maji ya baraka. Matone yalianguka juu ya magunia. Bibi akafunga macho akawaona fukusi wakikimbia.

Baada ya misa ukaja mnada, kama ilivyo desturi ya mavuno. Vipaji vilitolewa nje, mbele ya mlango mkubwa, na Beda akapewa kipaza sauti. Siku ya mnada Beda alikuwa mtu mwingine. Watu walimpenda. Alinadi jogoo mmoja kama anamnadi bwana harusi.

"Huyu jogoo, jamani, hajawahi kuchelewa jumuiya! Anaamka kabla yenu! Nani anamchukua? Mama Leo, mumeo akikosa kuamka, huyu atakuamshia!"

Watu wakavunjika mbavu. Jogoo akauzwa bei ya mbuzi, kwa utani na kwa mapenzi. Mkungu wa ndizi ukaenda. Boga likaenda. Vijana walikuwa wamekaa pembeni juu ya magunia yao, wakicheka na wengine, wakisubiri mnada uishe wayarudishe nyumbani.

Hapo ndipo Mzee Gaspari alipomsogelea Beda akamnong'oneza sikioni.

Bibi Lidwina alimwona mwanawe akitikisa kichwa. Akamwona Gaspari akinong'ona tena, safari hii amemwekea mkono begani. Beda akageuka akayatazama magunia. Alikishika kile kipaza sauti kama mtu aliyeshikishwa nyoka.

"Sasa... ndugu zangu," alisema, na ile sauti kubwa ikawa ya mtu mwenye mafua. "Sasa tuna mahindi ya vijana."

"Kwa jumla!" Gaspari akadakia. "Yananadiwa kwa jumla, tusipoteze muda."

Leticia alisimama kutoka juu ya gunia. "Baba! Hayo ni ya vijana. Yameletwa kubarikiwa tu!"

Watu waligeuka kumtazama. Kisha Gaspari akatabasamu, lile tabasamu lake la kuhesabia misumari ya wateja. "Binti, kilichoingia kwa maandamano ya mavuno ni cha altare. Desturi ya tangu wazee wako. Umemtolea Mungu mbele ya watu wote, sasa unataka kumnyang'anya mkononi?"

Mtu akacheka. Wengine wakafuata. Leticia alibaki amesimama na fulana yake ya njano, waumini wa parokia yake wakimcheka.

Na wale ambao hawakucheka walifanya nini? Walitazama chini. Fundi cherehani mmoja alitaka kununua gunia moja awarudishie watoto, lakini kwa jumla ni nani angeweza? Aliweza mmoja tu. Otto, shemeji yake Gaspari, alinyoosha kidole akataja bei ambayo hata mahindi ya kuchoma barabarani yangeona haya. Hakuna aliyeongeza. Padre Leonce alikuwa mlangoni. Alitazama viatu vyake.

"Mara ya kwanza," alisema Beda. "Mara ya pili." Ya tatu hakuitamka. Gaspari ndiye aliyeitamka.

Canter ya Otto ilikuwa imeegeshwa nyuma ya ukumbi. Bibi Lidwina aliikumbuka. Alipita kando yake alfajiri akienda misa ya kwanza, akajiuliza gari la mizigo linatafuta nini kanisani kabla hata Padre hajaamka.

*

Jioni vijana walijaa uani kwa Beda. Hakuna aliyeketi. Sebule ilikuwa tupu, sakafu imebaki na punje mbili tatu na vumbi jeupe, na Moyo Mtakatifu sasa ulionekana wote mpaka chini.

"Umetuuza, Mwenyekiti," alisema Romanus. Hakupandisha sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Baba yako kanadi. Bibi yako kapiga vigelegele. Na wewe ndiye uliyetuambia tubebe."

"Romanus, niliambiwa yanabarikiwa."

"Sisi tuliambiwa na wewe."

Msichana mmoja alianza kulia. Alikuwa ameacha kufua nguo za watu kila Jumamosi ili alime. Mwingine akavua fulana ya njano, akabaki na singilendi, akaitundika kwenye kamba ya nguo. "Maono hayo, Mwenyekiti. Yaanike."

Bibi Lidwina alikuwa jikoni. Kila neno lilimpata. Kwa miaka yote aliyoishi hakuwahi kuyaonea aibu vigelegele vyake, lakini jioni hiyo alitamani angeweza kuvirudisha kooni. Ni nani aliyesema yapelekwe? Ni yeye, na fukusi wake. Alitoka na sufuria la makande akalitua katikati ya vijana.

"Kuleni," alisema. "Mimi ndiye niliyemwambia ayapeleke. Mkitaka kunisema, nisemeni mkiwa mmeshiba."

Walikula wamesimama. Romanus hakula. Lakini hakuondoka pia.

*

Siku ya pili yake Leticia alikwenda ofisi ya parokia. Bibi Lidwina alijifunga kitenge chake cha akina mama wa kanisa akamfuata, ingawa hakuitwa. Waliwekwa kwenye benchi la nje. Waliingia watu wa kuandikisha ubatizo, wakatoka. Akaingia wakala wa simu, akatoka. Akaletewa Gaspari chai na chapati, sahani ikatoka tupu. Ndipo wakaitwa.

"Tumsifu Yesu Kristo," alisema Leticia.

"Milele amina," alijibu Padre Leonce. Alisimama akampisha Bibi kiti. "Shikamoo Bibi."

"Marahaba, Baba."

Gaspari, aliyekuwa mdogo kwa Bibi Lidwina kwa miaka mingi, hakumwamkia. "Mama Beda, na wewe umekuwa kijana siku hizi?"

"Nimekuja kusikiliza maono," alisema Bibi.

Leticia alizungumza vizuri. Alieleza mpango tangu mwanzo, masika, bei, mashine, matofali. Alikumbusha kwamba Halmashauri iliupokea. Hakulia. Bibi alimwona akiwa ameficha mikono chini ya meza, akiyabinya malengelenge yaliyokwisha kukauka.

Gaspari alimsubiri amalize, kama mtu anayesubiri mvua ndogo ipite. "Mwanangu, hakuna aliyekataa mpango wenu. Ulikuwa mzuri sana. Lakini mipango ya vijana ni ya kujifunzia. Parokia nayo ina maono yake. Jubilei inakuja, tuna wageni wakubwa, ukumbi haujapakwa rangi. Maono makubwa yanatangulia madogo."

"Kwa hiyo kulima kwetu kulikuwa mazoezi tu, Mzee?"

"Ndiyo uongozi huo. Umejifunza kutoa."

"Sikutoa. Nilinyang'anywa."

"Leticia," alisema Padre Leonce taratibu. "Tutalizungumza. Tutatafuta muda, tukae..."

"Baba, Canter imeshapakua," alisema Bibi Lidwina. "Hayo mtakayozungumza yatapakiwa kwenye nini?"

Padre akatazama viatu vyake.

Bibi alimgeukia Gaspari. "Mwenyekiti. Kitendawili."

"Mama Beda, hapa ni ofisini."

"Tega, Bibi," alisema Leticia.

"Gari la harusi limefika mlangoni, bibi harusi hajaposwa."

Gaspari alikuwa anajua. Rangi ya uso wake ilikuwa inajua. Akasogeza kikombe cha chai, akakirudisha.

"Umeshindwa? Basi nipe mji," alisema Bibi.

"Sina mji wa kukupa!" Gaspari akapiga meza. "Ila nyumba mnayokaa ni ya parokia, hilo mnalijua. Jumapili ijayo ni mavuno ya pili, ya waliochelewa. Leticia atasimama, atasoma shukrani. Aseme vijana wametoa kwa moyo mkunjufu. Watu wameanza kunong'ona, sipendi. Asiposoma, katekista aanze kufunga mizigo. Wanaotafuta kazi yake ni wengi."

Padre aliwafungulia mlango.

*

"Ni maneno machache tu, Mama," Beda alikuwa akisema. "Mwambie asome. Dakika hazifiki mbili. Halafu yanaisha."

Alikuwa ameketi pale pale yalipokuwa magunia. Hakuwa mtu mbaya, Beda. Alizika wafu wa mtaa ule, akawafundisha watoto wao kufanya ishara ya msalaba, na mshahara wake ulikuwa ahsante na hiyo nyumba ya vyumba viwili. Alimwogopa Gaspari kwa namna mtu anavyoogopa paa linalovuja. Lina madhara, lakini ndilo lililopo.

"Maneno machache ndiyo yaliyobeba magunia yote yale," alisema Bibi Lidwina. "Kubariki ni kubariki. Ulisema wewe. Nami nikaongeza yangu. Haya, tumeona."

"Tutakwenda wapi? Wewe na miguu yako hiyo, tutakwenda wapi?"

"Miguu yangu usiitumie kama kisingizio. Ilinifikisha hapa kutoka Maposeni, mimba yako tumboni."

Leticia alikuwa akifagia punje zilizobaki. Aliziokota moja moja akaziweka kwenye kikombe. Alipomaliza alisema, bila kumtazama baba yake, "Nitapanda mbele Jumapili, Baba. Na nitatoa. Mwambie Mwenyekiti asiwe na wasiwasi."

Beda alishusha pumzi. Bibi Lidwina hakushusha. Alimjua mke mwenzake.

Wiki hiyo Leticia alizunguka. Alikwenda kijiweni kwa Romanus akasimama juani mpaka Romanus alipokosa abiria wa kumkimbilia. Alikwenda kwa yule wa kufua nguo. Alikwenda kwa aliyetundika fulana. Kila mahali alitukanwa kwanza, na kila mahali alivumilia mpaka matusi yakaisha, kisha akasema alichotaka kusema.

*

Jumapili ya mavuno ya pili vikapu vilikuwa vichache. Akina mama walitangulia na maboga na kuku wawili. Gaspari alikuwa mbele, tai yake nyekundu, akimtafuta Leticia kwa macho na karatasi ya shukrani mkononi, ameiandika mwenyewe.

Maandamano yalikuwa karibu kwisha pale mlango wa nyuma ulipojaa fulana za njano. Waliingia wawili wawili, kama ile Jumapili nyingine. Hawakubeba magunia. Kila mmoja alikuwa na jembe begani. Majembe yenyewe yalikuwa ya kazi, mengine yamelika mpaka yamebaki nusu, mipini imeng'aa kwa viganja. Udongo wa Mpitimbi ulikuwa bado umekaukia kwenye chuma.

Walipofika mbele waliyalaza, moja kando ya jingine, mpaka yakapanga mstari chini ya altare. Kwaya iliacha kuimba bila kuambiwa. Leticia aligeuka kwa watu.

"Mwenyekiti ametaka tutoe kwa moyo mkunjufu," alisema. "Mahindi mlikwisha kuyanadi. Tumebakiwa na haya. Yanadini nayo."

Akarudi kukaa. Gaspari alibaki na karatasi yake mkononi.

Bibi Lidwina alitaka kupiga vigelegele. Akajizuia. Alikwisha kujifunza kuangalia kwanza.

Nje, baada ya misa, hakuna aliyeondoka. Kuku waliuzwa, maboga yakauzwa, lakini hakuna aliyecheka. Yakabaki majembe. Gaspari akamsogelea Beda, akasema kwa meno, "Achana na huo upuuzi. Funga mnada."

Beda alimtazama. Halafu akamtazama mama yake, na Leticia, na lile jembe la kwanza. Alipoongea alisahau kukishusha kipaza sauti, kila mtu akasikia.

"Kilichoingia kwa maandamano ni cha altare, Mwenyekiti. Ulisema mwenyewe. Siwezi kukiacha."

Akaliinua jembe.

"Ndugu zangu! Jembe hili ni la Romanus." Ile sauti kubwa ilikuwa imerudi. "Limelima Mpitimbi, limepalilia Mpitimbi. Mpini ulivunjika, akachonga mwingine. Nani analinunua?"

Hakuna.

"Mara ya kwanza! Otto, ulinunua mahindi yake. Hutaki na jembe?"

Otto akajifanya kutafuta kitu mfukoni. Mzee mmoja wa Maposeni, aliyekuwa na shida ya jembe kweli kweli, alianza kuinua mkono, akautazama ule mstari wa fulana za njano, akaushusha akajikuna shingo.

"Mara ya pili! Mara ya tatu!" Beda akavuta pumzi. "Halina mnunuzi. Na desturi yetu, tangu wazee wetu, kisichopata mnunuzi kinarudi kwa mwenyewe. Romanus! Njoo uchukue jembe lako."

Romanus akaja. Beda akampa kwa mikono miwili.

Alifanya hivyo kwa kila jembe. Alitaja jina la kila kijana, akatangaza, akasubiri, akaita. Watu walisimama juani mpaka mwisho, na hakuna aliyetoa hata shilingi, na kila jembe lilivyorudi kwa mwenyewe ndivyo Gaspari alivyozidi kuwa mdogo ndani ya suti yake. La mwisho lilikuwa la Leticia. Beda alilishika kitambo kirefu.

"Hili ni la mwanangu," alisema. "Mimi ndiye niliyenadi mahindi yake. Mnisamehe, vijana."

Akampa. Kisha akamkabidhi Gaspari kipaza sauti. "Na hiki nacho kina mwenyewe."

*

Walihama kabla wiki haijaisha. Kazi ya ukatekista ilipata mtu mwingine, mpwa wa mjumbe mmoja wa Halmashauri. Mzee Valence aliwapa chumba na jiko pale Mpitimbi, na Romanus alihamisha vyombo kwa pikipiki, safari baada ya safari, mara ya mwisho akiwa amembeba Bibi Lidwina amekumbatia Moyo Mtakatifu.

Mahindi hayakurudi. Tuseme ukweli, tusijidanganye. Ukumbi ulipakwa rangi, wageni wa jubilei wakala wakashiba, ukasomwa waraka mrefu wa kumpongeza Mwenyekiti kwa maono yake. Masika bei ilipopanda, Otto aliuza. Vijana wengine walikata tamaa wakarudi barazani kwenye drafti, na nani atawalaumu? Ukimwambia mtu apange kesho yake, kisha ukaiuza kesho hiyo mbele ya macho yake, unataka akuamini kwa lipi?

Lakini si wote waliorudi barazani. Mvua za kwanza ziliponyesha, fulana za njano zilionekana tena shambani, chache, zimefifia. Beda alilima pamoja nao, polepole, akiimba zaburi kwa sauti iliyofika hadi ng'ambo ya bonde. Bibi Lidwina aliwaletea togwa.

"Bibi," aliita Leticia kutoka kwenye tuta lake. "Kile kitendawili cha ofisini hujatoa jibu."

"Sijapewa mji."

"Nakupa mimi. Nakupa Songea mjini."

"Songea siutaki, una Halmashauri."

"Haya, nakupa Mpitimbi."

"Hapo sawa." Bibi akatua kibuyu. "Nilikwenda Mpitimbi, wakanipokea na miguu yangu mibovu, wakanipa chumba, nikakaa. Gari la harusi limefika mlangoni, bibi harusi hajaposwa. Jibu, Canter ya Otto!"

Shamba zima likaangua kicheko, hata Beda. Walikuwa bado wanacheka pale pikipiki iliposimama barabarani, akashuka Padre Leonce, peke yake, na chupa ya maji ya baraka mkononi. Kicheko kikafa.

Padre alitembea katikati ya matuta mpaka kwao. "Tumsifu Yesu Kristo. Nimesikia mnapanda," alisema. "Nimekuja kubariki mbegu. Nimeona... nije mimi zilipo."

Leticia aliegemea jembe lake, akamwachia bibi yake neno.

Bibi Lidwina alimtazama padre yule kijana kuanzia kichwani mpaka chini. Hakumkaribisha togwa. Alikwenda pembeni kulikolazwa majembe waliyoyaacha wale waliokata tamaa, akachagua moja, akamletea.

"Mbegu hazijaingia ardhini bado, Baba. Tuta lile halina mtu," alisema. "Shika. Halikupata mnunuzi."

Padre Leonce akatazama viatu vyake. Akavitazama muda mrefu. Halafu akainama, akaanza kuvivua.